Biashara na Haki: Tuwafundishe Watoto Vyote Viwili



Leo napenda kusema nanyi, akina baba na akina mama wa vijijini, juu ya jambo lililokwisha ingia nyumbani mwenu, pengine bila ninyi kuliona. Tangu Januari 2025 vijana wanaoingia kidato cha kwanza katika nchi yetu wanafundishwa Elimu ya Biashara kama somo la lazima. Zamani lilikuwa somo la wachache, wale waliotaka kuwa makarani na wahasibu. Sasa ni la mtoto wa mkulima wa mahindi wa Handeni, na la mtoto wa mkata mkonge wa Korogwe.

Mimi nafurahi. Nimefundisha hesabu za biashara miaka mingi, kwanza Korogwe, halafu Handeni, na nimewaona watu wengi wenye bidii waliobaki maskini kwa sababu hawakuandika kilichoingia wala kilichotoka. Wazee walikwisha sema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini furaha yangu ina swali ndani yake. Shuleni mtoto atafundishwa namna ya kupata faida. Je, ni nani atakayemfundisha faida ipi ni halali na ipi ni wizi? Kama nyumbani hapana wa kumwambia, atajifunza gulioni. Na mwalimu wa gulioni hana habari na Amri ya Saba.

Neno langu la leo ni moja tu. Haki isiwe somo la Jumapili, na biashara somo la Jumatatu. Haki iingie ndani ya hesabu yenyewe, katika kilo, katika mshahara na katika riba, ili mtoto aijumlishe na kuitoa kama anavyojumlisha na kutoa shilingi.

Msidhani kwamba haya ni mawazo yangu mwenyewe. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13 alitoa barua iitwayo Rerum Novarum. Wakati ule katika Ulaya watu walikuwa wakifanya kazi viwandani saa nyingi kwa ujira mdogo, na matajiri walijitetea wakisema, “Tulipatana naye, akakubali mwenyewe.” Baba Mtakatifu aliwajibu kwamba mapatano peke yake hayatoshi, maana mwenye njaa hukubali chochote. Mshahara wa haki hauna budi kumwezesha mfanyakazi kuishi kama mtu. Mapapa waliofuata waliliendeleza fundisho hilo: Pius wa 11 mwaka 1931; Yohane wa 23 mwaka 1961, aliyewaangalia sana wakulima; Paulo wa 6 mwaka 1967, aliyeandika juu ya maendeleo ya mataifa; Yohane Paulo wa 2 mwaka 1981, aliyeandika juu ya kazi. Na tarehe 8 Mei 2025 alipochaguliwa Papa mpya akajiita Leo wa 14, alieleza siku chache baadaye kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo wa 13 na barua yake ile. Basi, mafundisho haya si ya kale wala hayakuandikwa kwa ajili ya Wazungu tu.

Baba yangu hakuisoma barua hiyo, lakini habari yake aliijua kwa mgongo wake. Alifika Korogwe katika miaka ya 1950 kama manamba, kutoka upande wa Njombe. Wasomaji wazee mnalijua neno hilo. Wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandika wafanyakazi mwaka 1944, lililoitwa SILABU, na watu wakaletwa kutoka mbali, kila mmoja na namba yake. Baba alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mpaka siku zile zitimie zote, mshahara haukutoka. Alikata majani, akayafunga matita, majani 30 kila tita, na asipotimiza kazi aliyopimiwa, siku ile haikuandikwa. Akiugua, pia haikuandikwa.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niwe mwalimu wa namna niliyo. Shamba lile, ambalo silitaji jina, halikukosa daftari. Mkonge uliletwa katika nchi hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kazi kubwa namna ile haifanyiki bila hesabu. Makarani waliandika tani, mafuta ya mashine, magunia ya posho, bei ya Ulaya, yote kwa mwandiko mzuri. Lakini katika daftari lile baba yangu aliandikwa upande wa gharama, pamoja na mafuta ya mashine. Na kila mwanafunzi wa biashara anajua kwamba gharama ni kitu cha kupunguzwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba daftari laweza kuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na bado likawa si la haki. Kwa hiyo haifai kumfundisha mtoto kuandika vizuri tu. Yafaa tumfundishe pia kuuliza: katika hesabu hii, nani ameandikwa kama mtu, na nani kama kitu?

Haya, tutoke Korogwe twende Handeni, kwenye gulio la mahindi, nikuonyeshe hesabu ya kwanza ninayowapa wanafunzi wangu.

Sheria ya Vipimo yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wote twajua kinachotendeka. Mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza, halafu huliongezea juu na kulishona kwa kamba, likavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Tuseme gunia lile limefika kilo 130, na bei ya kilo moja ni shilingi 600. Mkulima alipwe ngapi? Mtoto atajibu upesi: shilingi 78,000. Amelipwa ngapi? Amelipwa gunia moja, yaani kilo 100, shilingi 60,000. Zimepotea 18,000. Kama ameuza magunia 20, zimepotea 360,000. Hapo nawauliza wanafunzi: “Shilingi 360,000 ni kitu gani nyumbani kwenu?” Mmoja husema ni sare na madaftari ya watoto wote. Mwingine husema ni bati za kumalizia nyumba. Mwingine husema ni chakula cha Februari, wakati ghala limekwisha na baba anakwenda kununua mahindi yale yale kwa bei kubwa zaidi. Handeni njaa twaijua, hatuhitaji kuelezwa.

Ndipo ninapowaambia habari ya nabii Amosi, aliyewakemea wafanya biashara waliongoja kwa hamu sabato ipite, wapate kupunguza kipimo cha nafaka na kutumia mizani ya uongo. Wale wa siku za Amosi walipunguza kipimo wakati wa kuuza. Hawa wa siku zetu wanakiongeza wakati wa kununua. Dhambi ni ile ile. Mtoto aliyeipiga hesabu hiyo kwa mkono wake hatalisahau neno la nabii, kwa kuwa amekwisha kuliona kwa shilingi.

Lakini ndugu msomaji, tusiwatazame wanunuzi tu. Hesabu ya pili inaingia nyumbani kwetu wenyewe. Wakati wa palizi wengi wetu huwaita vibarua. Mtu amelima ekari moja, kazi imekwisha, jua limekuchwa, nasi twamwambia, “Njoo wiki ijayo.” Wiki ijayo twamwambia, “Ngoja tuuze mahindi.” Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira waliodhulumiwa wavunaji unapiga kelele mpaka masikioni mwa Mungu. Katika katekisimu pia twafundishwa kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni mojawapo ya dhambi zinazomlilia Mungu. Hakusema “ujira wa mashamba makubwa tu”. Na yule msichana wa kazi anayelea watoto wetu na kuchota maji, mshahara wake umeandikwa wapi? Mtoto wako anapofundishwa shuleni kuandika mapato na matumizi, mwambie aandike ya nyumbani kwenu. Aanze na mstari huu: “Tunadaiwa na nani?” Mtoto akiona jina la kibarua limekaa pale mwezi mzima, atajifunza biashara, na baba naye atajifunza dini.

Hesabu ya tatu ni ya mikopo. Siku hizi kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Haihitaji maelezo mengi. Tuseme mama mmoja muuza ndizi amekopa shilingi 100,000, naye atalipa 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla atalipa 130,000. Hajatimiza hata mwezi, na riba imefika 30 kwa kila mia. Tena, kumbukeni kwamba fedha ile hakukaa nayo, maana tangu kesho yake alianza kuirudisha. Asipolipa siku moja, wanakuja kuchukua godoro na sufuria. Mtoto aliyesoma riba darasani aweza kumwokoa mama yake kwa penseli tu, kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi.

Wengi mtasema, “Ndiyo maana sisi tuna VICOBA.” Vema. Mtindo huu wa kuweka akiba katika sanduku na kukopeshana ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu. Kila mtu ananunua hisa zake. Kuna na mfuko wa jamii wa kusaidiana katika msiba na ugonjwa. Mimi mwenyewe ni mwanachama. Lakini hata hapo haki inataka kutafutwa kwa hesabu. Tazameni siku ya mgao. Riba yote ya mwaka imelipwa na nani? Na waliokopa mara nyingi, ndio maskini wa kikundi. Imegawiwa kwa nani? Kwa wenye hisa nyingi, ambao pengine hawakukopa hata mara moja. Basi sanduku letu la udugu laweza kuwa bomba la kutoa fedha kwa mwanachama maskini na kumpelekea mwenye nacho, na sote tukaimba na kupiga vigelegele. Sisemi tuvunje vikundi. Nasema tupige hesabu, kisha tujadiliane: riba ishuke kidogo, mfuko wa jamii uongezwe, mkopo wa ada ya shule au wa matibabu usitozwe riba. Kanisa laita jambo hilo mshikamano. Mshikamano si kupendana kwa maneno. Unaonekana kwenye safu ya mwisho ya daftari.

Najua mtu atanijibu hivi: “Mwalimu, ukifanya biashara kwa haki utafilisika. Mwenzangu ananunua kwa lumbesa, mimi nikinunua kwa mizani nitapata faida ndogo, naye atanifukuza gulioni.” Jibu hilo nalisikia kila mwaka, na ni la kweli kwa sehemu yake. Sitawadanganya vijana kwamba mwenye haki hutajirika siku zote. Mwenye haki peke yake mara nyingine hula hasara. Na ndiyo sababu Kanisa halifundishi tu kwamba kila mtu awe mwaminifu kivyake. Linafundisha pia kwamba watu waungane, wabadili desturi ya mahali. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huenda kwa jirani. Wakulima wote wa kijiji wakikataa, wakaweka mizani moja penye ghala moja, mnunuzi hana pa kwenda.

Mtu mwingine atasema, “Ushirika tuliuona, ukatuibia.” Naye ana haki kusema. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Na katika nyakati zote wakulima wamelia juu ya viongozi wala fedha. Lakini wanachama wangapi waliweza kuisoma karatasi ya hesabu katika mkutano wa mwaka? Katibu alisoma tarakimu upesi upesi, watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Haki bila hesabu ni kipofu, na hesabu bila haki ni mwizi. Pale Korogwe, tangu mwaka 1999, sehemu za mashamba ya mkonge kama Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale zimelimwa na wakulima wadogo, nao leo wana vyama vyao vya AMCOS. Watoto wa manamba wamekuwa wakulima wa mkonge! Baba yangu asingesadiki. Lakini kabla mkulima hajapokea fedha yake, hukatwa gharama za kusafirisha majani, za mashine na kadhalika. Asiyeweza kuisoma karatasi ya makato bado anashika kipande, ingawa shamba sasa laitwa lake.

Je, jambo hili lawezekana, watu wa kawaida kujifunza hesabu na haki pamoja? Lawezekana, maana limekwisha fanyika. Huko Kanada, katika mkoa wa Nova Scotia, wavuvi na wachimba makaa walikuwa maskini sana. Mapadre wawili, Jimmy Tompkins na Moses Coady, waliona kwamba kuwahubiria tu hakutoshi. Mwaka 1928 chuo cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri kule Antigonish kilifungua idara ya elimu ya watu wazima, na Padre Coady akaiongoza. Hawakuanza kwa kugawa fedha. Walianza na vikundi vidogo vya majirani, wakikutana majumbani jioni na kuuliza: samaki wetu anauzwa bei gani mjini, na sisi twapata ngapi? Baada ya kusoma ndipo wakaanzisha vyama vya akiba na mikopo, maduka yao na viwanda vyao vya samaki. Mwaka 1959, mwaka aliofariki Padre Coady, chuo kile kilifungua taasisi yenye jina lake, na watu wa Afrika Mashariki wamekwenda kusoma huko. Hata kwetu, Nyegezi karibu na Mwanza, Kanisa lilifungua chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, kikafundisha uhasibu na uandishi wa habari; mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hao waanzilishi hawakuona kwamba uhasibu ni kazi ya kidunia isiyolihusu Kanisa.

Sasa mtauliza, “Sisi wa kigangoni tufanye nini?” Papa Pius wa 11 alifundisha mwaka 1931 kwamba kazi ambayo mdogo anaiweza, mkubwa asimnyang'anye. Fundisho hilo lina upande wa pili: mdogo naye asiitupe kazi yake kwa mkubwa. Msiitupe hii kwa mwalimu wa shule. Yeye ana wanafunzi wengi na mtihani wa kuwaandalia. Ninyi mna mtoto mmoja mezani na taa moja.

Basi nawapa mambo matatu, yasiyohitaji mfadhili wala semina. La kwanza: mwulize mtoto somo la biashara wamefika wapi, kisha mpe hesabu ya kweli ya nyumbani, ya gunia mliloliuza au ya mkopo mlioutwaa. La pili: katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mkiisha kusoma Injili, siku moja kwa mwezi chukueni swali moja la bei, la ujira au la riba la hapo hapo kijijini, vijana wa sekondari wapige hesabu mbele ya wazee, na wazee waseme ni haki au si haki. La tatu: nunueni mizani kwa pamoja, mwite Wakala wa Vipimo aikague, nayo ikae mahali ambapo hata mjane aweza kuifikia bila kuomba ruhusa.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tusemavyo. Nami naongeza: kibaba chenyewe kiwe cha haki, la sivyo twajaza pakacha. Mtoto aliye kidato cha kwanza leo, baada ya miaka kumi ndiye atakayesimama gulioni na gunia mkononi. Ama atakuwa mnunuzi, ama katibu wa AMCOS, ama mkopeshaji, ama mwenye shamba anayeita vibarua. Kipimo atakachotumia siku hiyo anakipokea sasa, nyumbani kwako.